Maji Matamu na Damu ya Kombe

Kwanza niwaambie kwamba kazi yangu haikuwa ya mpira. Nilipokuwa bado kazini, watu wa kwetu Mutomo walisikia kwamba mimi, Nduku, nashughulika na makombe huko Makueni. Timu ya vijana ikanitumia ujumbe kuniomba niwaletee moja, hata likiwa dogo, hata likiwa limepinda mkono. Nikawajibu kwamba kombe langu mimi lina damu. Nadhani mpaka leo kuna watu pale sokoni wanaoamini nilikuwa na kazi isiyofaa kutajwa mbele ya watoto.

Kombe ninayemsema ni yule mnyama wa baharini mwenye magamba mawili yanayofunga kama sanduku. Wengine humwita chaza. Hana miguu ya kukimbia maji mabaya. Anakaa pale pale alipo, kutwa anavuta bahari ndani, anachuja chakula chake na kuyatoa maji tena. Kwa hivyo uchafu ukimwagwa, yeye ndiye wa kwanza kuuonja, na unaingia mpaka kwenye seli zake. Ukitaka kujua hali ya maji ya mahali, muulize kombe, na swali lenyewe unamuuliza kwa sindano.

Makueni na bahari wapi na wapi? Swali hilo nimelijibu miaka yote, hata kwenye mlango wa kanisa. Maabara yetu ilijengwa kwa ajili ya damu ya mifugo. Mimi nilikuwa fundi wa maabara, na nilikuwa nimesoma damu ya mbuzi na ng'ombe mpaka nikawa naota seli. Kisha akaja Daktari Mwende, binti wa kutoka Kyuso, mdogo kwangu kwa umri na mkali kunishinda kwa kila kitu kingine. Alikuwa akichunguza jinsi uchafu unavyodhuru seli za wanyama wa baharini, naye alikuwa amechoka kusubiri zamu kwenye hadubini za watu. Yetu ilikuwa nzuri na ilikuwa na nafasi. Akasema damu ni damu. Nikamwambia damu ya kombe sijawahi kuiona, akanijibu kwamba hata yeye hakuzaliwa akiiona.

Na kama bado mnaona bahari haituhusu sisi wa bara, fuateni Mto Athi muone unaishia wapi.

Sasa sikilizeni vizuri, nyinyi wajukuu mnaoingia maabara wakati huu, maana haya hamtayapata kwenye kitabu. Damu ya kombe haina rangi. Siku ya kwanza nilidhani nimevuta maji matupu, nikaimwaga kwenye sinki na kudunga tena, mpaka Daktari Mwende akaniuliza kama nina nia ya kumkausha mnyama wa watu. Unachonga upenyo mdogo ukingoni mwa gamba kwa tupa, unapitisha sindano hadi kwenye ule msuli unaofunga mlango, unavuta polepole. Ndani ya sindano uwe umeshaweka maji safi ya bahari, la sivyo seli zitashikana na utabaki na uji. Tone moja kwenye slaidi, slaidi kwenye kisanduku chenye unyevu, na uziache seli zikae chini zitulie kabla hujazisumbua.

Halafu unaongeza rangi nyekundu. Ndani ya kila seli kuna vifuko vidogo, ambavyo ndivyo tumbo la seli na ndivyo pipa lake la taka. Rangi inaingia humo na kukaa. Seli yenye afya utaiona ina vidoa vyekundu vilivyotulia, na sehemu nyingine yote ni safi. Seli iliyoumizwa na sumu haiwezi kushika. Kuta za vifuko zinalegea, rangi inavuja, na muda si muda seli nzima inakuwa ya waridi. Kazi yetu ilikuwa kutazama, kusubiri na kutazama tena, tujue rangi imeshikwa mpaka lini. Nyinyi mna kamera inayopiga picha yenyewe na kompyuta inayohesabu. Siwaonei wivu. Lakini kamera haijui kwamba slaidi imekauka, nayo itaendelea kuhesabu maiti kwa heshima zote.

Jambo la pili ni usafiri. Kombe hasafiri ndani ya maji, na hapo wengi hukosea. Ukimtia kwenye ndoo, anamaliza hewa iliyomo na kufa kabla ya Voi. Mlaze kwenye gunia lililoloweshwa maji ya bahari, gamba lake lenye kina likiwa chini, abanwe na wenzake asipate nafasi ya kufunguka. Barafu iwepo lakini isimguse. Akifungwa hivyo anafika akiwa amejifungia na maji yake ndani, salama salimini. Sisi tuliwatia kwenye basi la kutoka Pwani, wakashushwa Sultan Hamud kwenye hoteli ya Kalunde, kando ya barabara, na mimi nikaenda kuwachukua kwa gari la maabara.

Kalunde huyo ni rafiki yangu wa siku nyingi. Chapati zake ni nzito, moyo wake ni mwepesi. Siku moja gari letu liliharibika njiani nikachelewa sana, na jua la Sultan Hamud mnalijua. Kalunde alitazama gunia, akaona linakauka. Huku kwetu mgeni hupewa maji kabla hajaulizwa ametoka wapi. Basi akafungua gunia, akawatandaza kombe kwenye karai, na kuwamwagia maji ya mvua kutoka kwenye tangi lake, lile analolifunga kwa kufuli, ambalo hata mimi sijawahi kupewa zaidi ya kikombe kimoja. Nilipofika nilimkuta amesimama kando ya karai anafurahi.

"Mwaitu, hawa wageni wako walikuwa wanakufa kiu," akaniambia, akiniita mama kwa Kikamba. "Nimewapa ya tangi, sio ya kununua."

Ungemwambia nini mtu aliyekutolea kitu anachokithamini kuliko vyote? Nilimshukuru kwa mikono miwili. Kisha nikaingia kwenye gari nikalia, kwa sababu hakuna kitu kibaya kwa seli ya kombe kama maji matamu. Seli yake ina chumvi kama bahari yenyewe. Ukiizungushia maji ya mvua, yanaingia ndani kwa nguvu na seli inavimba mpaka inapasuka. Na ndivyo nilivyoona kwenye hadubini. Zilikuwa zimevimba kama ndengu zilizolala kwenye sufuria, nyingine zimeshachanika.

Nilikuwa nimeshika slaidi tayari kuzitupa, ndipo Daktari Mwende akanishika mkono. Akasema kuharibika nako ni jibu, nizitie rangi ya kudumu nizihifadhi. Nilinung'unika hadharani. Niliona ni kazi ya bure, na nilikuwa na njaa. Lakini nilizitia rangi, na nilipozitazama niliona kwamba pamoja na msiba wote ule, kiini cha kila seli kilikuwa kimoja tu, mviringo, kizima.

Nyakati hizo ndipo Bi Zaituni alipoingia maishani mwangu. Aliongoza kikundi cha akina mama waliofuga kombe kwenye hori moja huko Pwani, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Walikuwa wakiwafunga kombe wadogo kwenye kamba na kuzining'iniza majini katikati ya mikoko, wakisubiri wakue. Sasa kombe walikuwa wakifa. Juu ya hori hilo kulikuwa na kiwanda cha ngozi kilichomwaga maji yake humo. Wenye kiwanda walisema chanzo ni mvua, kwamba mto ukifurika hori linajaa maji matamu, na kila mtu anajua maji matamu huua kombe. Wakubwa wa serikali wakaamuru kamba zote zitolewe majini mpaka ukweli ujulikane. Ikiwa ni mvua, basi hori halifai kwa ufugaji, na kibali cha akina mama kinafutwa kabisa.

Bi Zaituni alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa mkubwa kwangu, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyotarajia.

"Mwanangu, kamba zetu zimelala ufukweni zinaliwa na jua," aliniambia. "Wakisema ni mvua, sisi tumeondoka. Mvua hatuwezi kuishtaki."

Nilimwambia atutumie kombe waliobaki kwenye mizizi ya mikoko. Walipofika Sultan Hamud, Kalunde aliwalinda kama mayai, maana nilikuwa nimemwachia jerikeni la maji ya bahari na kumweleza kwa upole kwamba wageni wangu wana dini yao kuhusu maji. Nikawafikisha Makueni, nikavuta damu, nikaongeza rangi. Hata sijakaa vizuri kwenye kigoda, rangi ilikuwa imeshaanza kuvuja. Na seli zenyewe hazikuwa zimevimba. Umbo lilikuwa la kawaida, lakini ndani hakuna kilichoshika.

Nikatengeneza slaidi za rangi ya kudumu, na hapo ndipo nilipomwita Daktari Mwende kwa sauti iliyofika mpaka kwenye banda la mbuzi. Kando ya kiini kikubwa, katika seli moja baada ya nyingine, kulikuwa na kipande kidogo cha kiini, kama mbuzi na kitoto chake. Kiini ndicho kinachobeba maagizo ya uhai wa seli. Kikimeguka namna ile, ujue kuna kitu kinachoharibu maagizo yenyewe, na dawa za kulainishia ngozi zinaweza kufanya hivyo. Nikatoa slaidi za Kalunde nikaziweka kando. Mle seli zilikuwa zimepasuka ovyo, lakini hakuna hata kiini kimoja chenye kitoto. Maji matamu yalikuwa yamebomoa nyumba na kumwacha mwenyewe mzima.

Nilitaka kupika pilau siku hiyo hiyo. Daktari Mwende akakataa. Akasema Kalunde aliwamwagia maji matupu ya mvua kwa ghafla, ilhali mto hupunguza chumvi ya hori kidogo kidogo, na mtu wa kiwanda atalisema hilo kabla hajavuta kiti. Alisema kweli. Tukaagiza kombe kutoka hori safi, tukawaweka kwenye ndoo zenye maji ya bahari na pampu ya hewa, tukayapunguza chumvi polepole kama mvua inavyofanya. Seli zilivimba kidogo na rangi ilivuja kidogo. Tulipowarudishia chumvi, zikapona. Viini vilibaki safi mwanzo hadi mwisho. Basi nikapika pilau.

Pilau ile sikuimaliza kwa amani, kwa sababu kaka yangu Musyoka alikuja kutoka Mutomo. Musyoka hununua ngozi za mbuzi kila gulio, anazitia chumvi, na anaziuza kwa kiwanda kile kile. Alikuwa amesikia. Alikaa, akala, akanawa, ndipo akasema.

"Nduku, kiwanda kikifungwa, mimi na hao wote wa Mutomo tutauzia nani ngozi? Tutatandika kitandani?"

Nilimwambia sina ufunguo wa kiwanda, mimi nasoma seli tu. Akaniuliza kama siwezi kuzisoma pole pole. Wajukuu, wakubwa wa serikali sikuwaogopa hata kidogo, lakini kaka yangu nilimwogopa. Ndiye aliyenilipia karo kwa ngozi hizo hizo. Nilimwambia aje siku ya mkutano aone mwenyewe kwenye hadubini, na akiona kwamba nimesema uongo, anisute mbele ya watu. Akasema atakuja, na akafunga pilau iliyobaki aende nayo.

Mkutano ulifanyika kwetu Makueni, kwa kuwa hadubini yetu haikuwa ya kubebwa. Walikuja maofisa wawili, injinia wa kiwanda, na Bi Zaituni na mwenzake mmoja, wamejifunga leso zao nadhifu. Musyoka alisimama mlangoni. Daktari Mwende alikuwa na desturi yake, na ningependa muishike: hakubali kwamba kitu kimeonekana mpaka mtu asiyetaka kukiona akione. Kwa hivyo hakuhutubia. Alifunika majina ya slaidi zote kwa karatasi, akampa injinia azichanganye, kisha akamwachia nafasi yake kwenye hadubini. Mimi nikasimama begani pake kumfundisha. Nilimwonyesha seli nzima ikoje, seli iliyovimba ikoje, na kiini chenye kitoto kikoje. Sikumwambia slaidi ipi ni ya wapi, nami mwenyewe sikujua tena.

Alikuwa kijana makini, lazima niseme. Aliziangalia moja moja, akarudia alipokuwa na shaka, akazipanga mezani katika mafungu matatu. Bi Zaituni akaomba naye aangalie. Alipoiona seli iliyomeguka kiini akasema kumbe ndivyo walivyokuwa wakiteseka. Injinia akaanza kubandua karatasi. Fungu la seli safi lilikuwa la hori safi na la zile ndoo zilizorudishiwa chumvi. Fungu la zilizovimba au kupasuka lilikuwa la Kalunde na la ndoo kabla hazijarudishiwa. Fungu la viini vilivyomeguka lote lilitoka kwenye hori la Bi Zaituni. Hakukuwa na hata slaidi moja iliyopotea njia.

Alirudi kwenye hadubini akaangalia tena, ingawa hakuna aliyemwambia. Tulimsubiri.

"Hii sio mvua," akasema.

Ningeweza kuruka mpaka darini. Lakini Musyoka akauliza kutoka mlangoni.

"Kwa hivyo mnafunga?"

Injinia akamgeukia, akamuuliza yeye ni nani, na alipojua ni mtu wa ngozi akamjibu kama mtu wa ngozi. Akasema zile dawa zinaweza kutolewa kwenye maji kabla hayajatoka kiwandani, kwa matangi ya kutulizia na ya kusafishia, na kwamba jambo hilo lilikuwa limeahirishwa kwa sababu kila mtu alikuwa akiilaumu mvua. Maofisa wakasema pale pale kwamba tone lisimwagwe tena kabla halijasafishwa. Kibali cha akina mama kitabaki, na siku damu ya kombe itakapokuwa safi, kamba zitarudi majini. Ngozi zitanunuliwa kama kawaida. Musyoka akanitazama, akavua kofia, na akacheka mpaka akalazimika kujishika kwenye mlango. Bi Zaituni alinikumbatia kwa nguvu nikapoteza pumzi. Nimewahi kupewa vyeti na saa ya ukutani, lakini sijapata kufurahi kazini kama siku hiyo.

Kilichofuata kilikuwa kusubiri, na kusubiri ni nusu ya kazi yenu. Matangi yalijengwa. Musyoka, aliyekuwa akipeleka ngozi, akageuka mpelelezi wangu na kuniletea habari za kila bomba. Mvua za masika zikaja, mto ukafurika, maji matamu yakaingia horini kama yanavyoingia siku zote, kisha yakapungua. Baada ya hapo Bi Zaituni akashusha kikapu kimoja tu cha kombe wageni kutoka hori safi, wa kujaribia, akawaacha wakae wanywe maji yale mpaka Daktari Mwende aliporidhika kwamba wameyanywa vya kutosha. Kisha wakaja kwenye gunia, kwa njia ile ile, wakiwa wamefunga milango barabara.

Nilivuta damu mimi mwenyewe. Kuna wengine wangeweza, lakini hiyo sikumpa mtu. Nilikuwa nakaribia kustaafu. Niliweka rangi, nikatazama. Vidoa vyekundu, vimetulia. Nikasubiri, nikatazama. Vimetulia. Daktari Mwende akaja, akaangalia, akaondoka, akarudi, akaangalia tena. Wenzangu waliacha kazi zao wakasogea. Tuliendelea mpaka zikapita zile zamu zote za kutazama ambazo seli za hori lile zilikuwa zikishindwa, na rangi ilikuwa bado ndani ya vifuko vyake. Nikatia slaidi nyingine rangi ya kudumu, nikatafuta vitoto vya viini kama mtu anayetafuta chawa. Sikuvipata.

Daktari Mwende akanipa simu yake mwenyewe. Akasema habari hii ni yangu kuitoa. Bi Zaituni alipokea kabla haijalia sawasawa, na nyuma yake nilisikia bahari na sauti za wanawake, nikajua walikuwa wamekaa pamoja ufukweni wakingoja. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yote yalinipotea.

"Bi Zaituni," nikasema, "teremsheni kamba."

Vigelegele vilivyopigwa huko vilisikika mpaka kwenye pembe ya mwisho ya maabara yetu. Nikapiga na mimi, pale pale kwenye kigoda changu, nikiwa na glovu mikononi.